Volkano, paka wa Sake aliyekataa kula

Paka huyu alizaliwa Majengo, akakomalia Sake, na kidogo tu afie Majengo. Katika mtaa huo wa mji wa Goma kuna nyumba moja ya mbao ambamo watu 13 walikuwa wanalala chini ya bati moja. Wote wanamjua vizuri, maana kwa majuma sita walipeana zamu ya kumlisha, kama vile walivyopeana zamu ya kwenda kuchota maji.

Habari yenyewe inaanza mwezi wa tano mwaka 2021. Usiku wa tarehe 22, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Siku tano kiisha hapo, viongozi waliagiza wakaaji wa mitaa 10 ya Goma wahame, na Majengo ilikuwa kati ya mitaa hiyo. Watu wengi walifuata barabara ya Sake, kilomita karibu 25 upande wa magharibi, wengine kwa gari, wengine kwa miguu na mizigo kichwani. Familia moja ya Majengo ilifika Sake jioni ikiwa na watoto, magodoro mawili na kitunga chenye mwana-paka ambaye hata macho yake yalikuwa bado ya rangi ya buluu.

Mama mmoja wa Sake, muuzaji wa maharagi, aliwafungulia mlango. Hawakuwa wanajuana. Aliwapa chumba cha depo, akasogeza magunia upande mmoja, wakalala. Siku walipoambiwa wanaweza kurudi nyumbani, mtoto mwanamke wa familia ile, aliyekuwa na miaka tisa, alitafuta kitu cha kumwachia mama huyo kama shukrani. Hakuwa na kitu kingine. Alimwachia mwana-paka awe analinda magunia. Watoto wa Sake wakamwita Volkano, kwa kuwa volkano ndiyo iliyomleta.

Kwa miaka miwili na zaidi Volkano aliishi vizuri kuliko watu wengi. Alikula panya wa depo, na asubuhi wauzaji wa maziwa kutoka Masisi walimwangia kidogo iliyobaki ndani ya bidoni. Siku moja watoto walimpandisha kwenye mizani ya maharagi wakicheza. Kilo tano na nusu. Mama alicheka akasema huyo si paka tena, ni mbuzi.

Mwanzoni mwa mwezi wa pili mwaka 2024 vita vilikaribia Sake. Wakaaji walianza kutoka kwa maelfu, na mama huyu alitoka na bwana yake na watoto wanne. Maharagi yalibaki. Mtoto wa mwisho, mwanaume wa miaka nane, alikataa kuacha paka. Alimtia ndani ya mfuko wa unga, akafunga mdomo wa mfuko kwa kamba, akambeba begani mpaka Goma. Njia nzima paka alilia. Karibu na Mugunga alinyamaza, na mtoto alifikiri amelala.

Saa mbili za usiku walibisha kwenye mlango wa Majengo. Mama wa nyumba alifungua, akawaangalia mmoja mmoja, hakuuliza kitu. Alisema tu: "Ingieni. Ni zamu yetu."

Nyumba ilikuwa na watu saba, wakawa 13. Volkano alipotolewa ndani ya mfuko aliingia mbio chini ya kitanda cha koko, nyuma ya bidoni za maji, na hapo akabaki. Hakuna aliyemfuatilia sana. Usiku mabomu yalisikika upande wa Sake, na kila asubuhi watu wazima walizunguka kutafuta habari za ndugu waliobaki nyuma, kazi ya kufua nguo, au unga. Ni mtoto peke yake aliyekumbuka paka. Kila jioni alificha sambaza mbili tatu kutoka sahani yake, akazisukuma chini ya kitanda. Asubuhi samaki hawakuwa tena pale, naye alifurahi: Volkano anakula.

Kumbe waliokula ni panya. Walikuja usiku, wakala samaki mbele ya pua ya paka, na paka hakuwa na nguvu ya kunyoosha mkono.

Siku ya saba, mtoto mwanamke wa Majengo, yule aliyemtoa zawadi na ambaye wakati huo alikuwa na karibu miaka 12, aliondoa bidoni ili afagie. Alimkuta Volkano amelala ubavu, mate yanatoka mdomoni, mifupa ya mgongo inaonekana chini ya manyoya. Alimbeba mpaka nje kwenye mwanga. Ndani ya masikio, mahali ambapo ngozi ya paka huwa ya waridi, palikuwa na rangi ya njano. Weupe wa macho vilevile, na fizi vilevile, kama sahani iliyokuliwa mawese na kuoshwa bila sabuni.

Koko alimgusa tumbo akasema ana homa, apewe nusu ya kidonge cha paracetamol. Ndivyo wanavyofanya kwa watoto, na koko huyo amelea watoto wengi. Mama wa Sake alikwisha kusaga nusu kidonge ndani ya kijiko na kuchanganya na maji ya sukari, papa wa nyumba alipomwomba asubiri kidogo. Alikuwa na namba ya muganga wa nyama aliyewahi kutibu nguruwe wake. Alipiga simu, akaeleza, kisha akaweka sauti ya nguvu ili wote wasikie. Yule muganga hakuzunguka: msimpe. Mwili wa paka, alisema, hauna njia ambayo mwili wa mtu unayo ya kuvunja na kutoa dawa hiyo. Kidonge kimoja kinaweza kumuua paka mzima, kwa kuharibu damu yake na ini lake, na hata kipande si salama. Dawa nyingine za watu za kutuliza maumivu, kama ibuprofeni na diklofenaki, nazo zisikaribie mdomo wake. Akauliza: amekaa siku ngapi bila kula? Walipohesabu na kusema saba, alinyamaza kidogo. Halafu akasema wamlete.

Mama alimwaga kijiko katikati ya mawe ya volkano nyuma ya nyumba, akafunika na jivu ili kuku wasidonoe.

Kumpeleka kulidai pesa. Mama alikuwa amefua nguo za watu tangu afike, na alikuwa ameweka pesa kidogo kidogo kwa kununua godoro, maana watoto wake walilala juu ya turubai iliyotandikwa kwenye sakafu ya simenti. Jirani mmoja, mama aliyekimbia kutoka Rutshuru, alimwona anahesabu noti na kuuliza ni za nini. Aliposikia, alipiga mikono. "Dada yangu, kule kambini watoto hawana hata uji, na wewe unapeleka paka kwa dokta?"

Mama hakupata jibu. Anasema mpaka leo hajui kama kulikuwa na jibu zuri. Alijua mambo matatu tu. Paka huyo alikuwa zawadi ya mtoto wa nyumba ile, na hakutaka afie mbele ya macho ya aliyemtoa. Panya walikuwa wameanza kutoboa mfuko wa unga wa watu 13. Na mtoto wake wa mwisho, tangu watoke Sake, hakuwa anasema neno na mtu isipokuwa na ule uvungu wa kitanda.

Walikwenda siku ya posho, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. Siku hiyo soko linajaa, pikipiki zinapiga honi, magari makubwa yanapita. Kosa la pili lilikuwa mfuko: walimrudisha Volkano ndani ya ule ule mfuko wa unga aliotoka nao vitani. Alipouona tu, alianza kutetemeka. Kosa la tatu hawakuweza kulijua. Kwenye kiwanja cha muganga kulikuwa na mbwa karibu kumi wamefungwa kamba, wanasubiri chanjo ya kichaa cha mbwa, na wote walibweka kwa pamoja.

Bwana alifungua mfuko. Volkano, aliyekuwa hawezi kusimama asubuhi, aliruka kama jiwe la manati. Alimkwaruza bwana mkono toka kiwiko mpaka kidole, akamwuma gumba, akapanda ukuta na kujibanza juu kabisa chini ya bati. Ilichukua nusu saa kumshusha. Muganga mwenyewe alipanda ngazi akiwa na taulo, polepole, bila kusema, akamfunika na kumleta chini. Paka alikuwa anahema kwa mdomo wazi kama mbwa.

Hapo muganga alifanya kitu ambacho mama hakutegemea. Hakumpima. Alimweka pamoja na taulo ndani ya sanduku, akafunika, akalipeleka kwenye chumba chenye giza, akafunga mlango. "Paka akihema hivi amefika mwisho," alisema. "Nikiendelea kumshika sasa, ni mimi nitamuua, si ugonjwa."

Wakati wa kusubiri alishughulika na bwana. Alimwosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa, huku akiuliza: paka huyu amechanjwa? Hapana. Aliwahi kuumwa na mbwa au na nyama wa porini? Hawajui. Akamwagiza bwana apitie kituo cha afya siku ile ile na kueleza habari ya kuumwa, na akaomba paka aangaliwe kwa siku 10. Kichaa cha mbwa hakina dawa kikishaanza ndani ya mtu, alisema, lakini sabuni, maji na chanjo vikiwahi vinakizuia.

Kiisha saa nzima aliingia kwenye chumba cha giza peke yake. Alitumia taa ndogo, akaangalia fizi, masikio na macho, akabonyeza tumbo kwa vidole viwili. Alipima uzito akiwa bado ndani ya sanduku, kisha akatoa uzito wa sanduku. Kilo tatu na gramu mia sita.

Alieleza kwamba ili kuwa na hakika ingefaa kupima damu na kuangalia ini kwa mashine, na vitu hivyo yeye hana. Ini linaweza kuumwa kwa sababu nyingi: sumu, wadudu, unga ulioota ukungu. Lakini paka mnene, aliyetishwa, aliyekaa siku saba bila kula, na ambaye sasa ni wa njano, dalili zote zinaelekeza mahali pamoja. Mama alisema haelewi namna njaa inavyoweza kumfanya mtu kuwa wa njano. Muganga alimwuliza kazi yake. Alipojibu kwamba aliuza maharagi, akamweleza hivi.

Ini ni depo. Paka asipokula, mwili unaanza kutoa mafuta yake wenyewe na kuyatuma kwenye ini ili yageuzwe nguvu. Kwa mbwa au kwa mtu, depo inajitahidi. Kwa paka, magunia yanafika mengi kuliko wafanyakazi wanavyoweza kuyatoa. Yanajaa mpaka mlangoni. Mwisho hakuna anayeweza kuingia wala kutoka, kazi inasimama, na ile rangi ya njano ambayo ini lilipaswa kuitoa mwilini inabaki ndani ya damu. Jinsi ini linavyougua, ndivyo paka anavyosikia kichefuchefu na kukataa chakula zaidi. Siku mbili tatu bila kula zinatosha kuanzisha jambo hilo, hasa kwa paka aliyenenepa.

"Na dawa yake?" mama aliuliza.

"Chakula," alijibu. Alimpiga shindano ya vitamini na nyingine ya kuzuia kutapika, lakini alirudia mara tatu kwamba shindano zinasaidia tu. Kinachofungua mlango wa depo ni chakula, kidogo kidogo, kila siku, majuma matatu, pengine sita au saba. Hakuwaficha: wengine hufa hata wakilishwa vizuri.

Aliwapa seringi mbili zisizo na shindano na kuwaonyesha namna ya kuzitumia. Paka afungwe ndani ya kikwembe, kichwa kikiwa wazi, kama mtoto mchanga. Kichwa kisiinuliwe juu, maana chakula kinaweza kwenda kwenye mapafu. Seringi iingie upande wa mdomo, nyuma ya jino refu. Tone, ameze. Tone, ameze. Siku ya kwanza kijiko kimoja kidogo kila baada ya masaa mawili, kisha kuongeza polepole, kwa sababu mwili uliokaa na njaa ukijazwa ghafla unaweza kushindwa. Akitapika, waache kwanza na kupiga simu. Chakula: sambaza zilizochemshwa bila chumvi, zisagwe na maji yake mpaka ziwe laini, pamoja na yai. Kitunguu na kitunguu saumu hapana, ni sumu kwa paka. Maziwa hapana, yatamharisha.

Alipowaambia warudi siku ya nne kwa shindano nyingine, mama alitikisa kichwa. "Dokta, nikimrudisha hapa atafia njiani."

Muganga alikubali kwamba mama ana haki. Kwa paka, alisema, safari ya kwenda kutibiwa inaweza kuwa ugonjwa wa pili. Halafu wakapanga pamoja. Mfuko ule wasiutumie tena kamwe. Watafute kartoni ngumu, wakate matundu ya hewa, waiache wazi karibu na kitanda usiku na mchana, ndani yake waweke nguo iliyovaliwa na mtoto bila kufuliwa, na chakula kitolewe pembeni yake. Paka aingie mwenyewe, atoke mwenyewe. Siku ya kuja, kartoni ifunikwe na kikwembe ili asione kitu. Waje saa moja ya asubuhi, kabla ya mbwa na kabla ya soko. Mtu mmoja tu aingie naye, wengine wabaki nje. Na yeye muganga hatamtoa ndani: atafungua juu na kufanya kazi yake paka akiwa amekaa kwenye nguo ya rafiki yake.

Nyumbani, mama wa Majengo aliandika zamu kwa makaa kwenye ubao wa ukuta. Alfajiri, mama wa Sake. Saa mbili, koko. Saa nne, mtoto mwanamke. Hivyo hivyo mpaka usiku. Hakuna aliyependa zamu ya saa nane za usiku, wakati wa baridi, na papa wa nyumba akaichukua bila kuombwa. Siku za kwanza Volkano alitema nusu ya kila kijiko. Kikwembe cha mama kilinuka samaki mpaka watu walimkimbia kwenye bomba la maji.

Ilikuwa katika zamu hizo ndipo mama alipoona mikono ya mtoto wake. Ilikuwa imekonda. Kwa juma zima sambaza zake zilikuwa zimekwenda chini ya kitanda kwa panya, na hata sasa alikuwa anapitisha bugali yake kwa ndugu zake akisema ameshiba. Katika nyumba ya watu 13 hakuna anayehesabu vijiko. Mama alikaa nje juu ya jiwe akalia, kisha akarudi ndani na kumwambia mtoto habari ya depo, jinsi alivyoisikia. Hakumgombeza. Alimpa kazi: zamu ya saa kumi na mbili jioni ni yako, lakini paka haogopi kula mbele ya mtu anayekula. Kila akimeza yeye, unameza wewe.

Jioni ile mtoto alimeza vijiko vitatu. Kesho yake vitano. Siku ya sita mama alimsikia anasema na paka kwa sauti, akimhesabia: kimoja, kiwili, usiteme.

Safari ya pili kwa muganga ilidumu dakika kumi. Mtoto ndiye aliyeingia na kartoni. Muganga alifungua kikwembe upande mmoja, akaangalia masikio, akapiga shindano, akafunika. Paka alitoa sauti mara moja tu. Safari ya tatu hakutoa sauti hata kidogo, na waliporudi alitoka ndani ya kartoni mwenyewe na kujilamba, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu Sake. Siku 10 za kumwangalia zilikuwa zimepita bila dalili ya kichaa, na bwana alikuwa amepata chanjo zake.

Juma la nne, masikio yalianza kurudi kuwa ya waridi. Hapo mtoto alibuni jambo lake mwenyewe. Hakutaka kudanganywa tena na panya, basi kila usiku alinyunyiza jivu la mbabula kuzunguka sahani chini ya kitanda. Asubuhi alisoma nyayo. Asubuhi moja aliamsha nyumba nzima kwa kelele: kwenye jivu kulikuwa na nyayo za paka, hakuna za panya, na sahani ilikuwa nyeupe. Siku tatu kiisha hapo koko alitia mguu ndani ya sandali yake na kukuta panya mfu. Alikasirika kwa mdomo, lakini mchana mzima aliwaonyesha wageni.

Mwisho wa juma la sita mizani ilisema kilo nne na gramu mia mbili. Muganga alisema inatosha, asirudie kuwa mbuzi. Jirani wa Rutshuru, yule aliyepiga mikono, hakusema kitu kuhusu maneno yake ya kwanza, lakini kila alipotengeneza sambaza alituma vichwa kwa mtoto wake ndani ya kikombe. Mama naye hakumkumbusha. Anasema maneno ya jirani hayakuwa mabaya, yalikuwa ya kweli. Watoto walilala juu ya turubai mwezi mmoja na nusu zaidi kuliko ilivyopaswa, na mmoja alikohoa kwa sababu ya baridi ya simenti. Hilo nalo liko katika hesabu, na hataki kulifuta.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza mwaka 2025 vita viliingia Goma yenyewe. Siku zile hakukuwa na maji wala umeme, na watu wote 13 walilala chini kwenye sakafu ya chumba kimoja, mbali na madirisha. Volkano alirudi chini ya kitanda. Mtoto alijivuta kwa tumbo na sahani, na jivu lake ndani ya mkebe. Alisoma nyayo kwa mwanga wa simu. Siku ya kwanza hakuna. Siku ya pili hakuna. Usiku wa siku ya pili alilala kichwa chini ya kitanda, akila bugali ya baridi kwa sauti, kijiko kwa kijiko. Siku ya tatu nyayo zilikuwepo.

Mwezi uliofuata kambi za wakimbizi za pembeni ya mji zilibomolewa, na familia nyingi zilifuata tena barabara ya Sake, safari hii kwa kurudi. Mama naye aliamua kurudi. Alikuwa amesikia kwamba bati za nyumba yake zimechukuliwa na mlango umechomwa kuni, na kwamba depo ingali imesimama kwa kuta tu. Alipoanza kufunga mizigo aligundua kwamba mtoto alikwisha kutangulia. Kwa juma zima, bila kuambiwa na mtu, alikuwa ameweka kartoni wazi kwenye kona, na shati lake chafu ndani.

Siku ya kuondoka, mtoto mwanamke wa Majengo alifunika kartoni kwa kikwembe chake mwenyewe. Mama wa Sake alimwuliza kama angependa paka abaki kwao, maana ni wao waliomzaa na ni wao waliomponya. Alifikiri, akatazama ule ubao wa ukuta ambao maandiko ya makaa hayakuwa yamefutika vizuri, akasema hapana, magunia yako Sake.

Magunia hayako bado. Lakini turubai imefungwa juu ya kuta za depo, na watoto wamelala humo. Usiku wa kwanza Volkano hakutoka ndani ya kartoni. Mtoto alinyunyiza jivu, akaweka sahani mbili, moja ya paka na moja yake, akaanza kula. Asubuhi ya siku ya pili alimwita mama yake aje aone chini.